Koti Lisilorefuka

Fundi wa makoti ya jeshi hakuwa mtu wa maswali, lakini Jemadari alipomwekea karatasi ya vipimo arobaini, alishindwa kunyamaza.

"Makoti arobaini ya maofisa, kwa siku moja? Maofisa wenyewe hawafiki kumi!"

"Wewe shona, mama. Kola nyekundu, zionekane ng'ambo ya mto. Mimi nitafutie koti la askari, hata la viraka."

Karatasi haikuwa na majina. Alishona mpaka kipimo cha thelathini na moja: mkono wa kulia upungue upana wa vidole viwili. Mkasi ukamdondoka. Mkono ule aliufunga vijiti mwenyewe, mwanawe alipoanguka utotoni akauvunja, ukaunga mfupi. Kambini wenzake humwita Nusu Saluti.

Akamfuata Jemadari uani. "Hawa arobaini wanakwenda wapi?"

"Darajani." Hakumficha. "Adui ni elfu sita, sisi mia nane. Wakiona kola zile watadhani wakuu wote wako pale, watajazana darajani kama siafu. Sisi tutapita kinamasini tuwapige mgongoni."

"Na wa darajani?"

"Washikilie mpaka tufike."

"Nina huyo mmoja tu, baba."

"Alijitolea, mama. Nilimkatalia mara mbili."

Akarudi kwenye cherehani. Koti la jeshi halikatwi mkono, hukunjwa kwa ndani, maana mwenyewe akifa litavaliwa na mwingine. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha mafundi wote hivyo. Akalitazama lile la thelathini na moja, akachukua mkasi, akaukata mkono wake upana wa vidole viwili, kipande akakitia motoni.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, mji mzima ulikuwa vigelegele. Adui alijazana darajani kweli. Risasi zilipotokea nyuma, hakuwa na pa kugeukia. Waliokwepa risasi walimezwa na mto. Mia nane wamewafuta elfu sita! Watu walimbeba Jemadari mabegani, tope likimchuruzika.

Jioni dobi akaleta kapu. Makoti thelathini na sita, yamefuliwa, bado mabichi.

"Wanne wamepona," fundi akasema, akaanza kupapasa mikono ya makoti, moja moja, bila haraka. Kwenye la ishirini na mbili kutoka kapuni akasita.

Dobi hakujua kitu. "Hilo lina tundu moja tu, mama. Lirefushe mkono, kuna kijana analingoja."

"Halirefuki," akasema, akilikunja mapajani. "Nililikata."