Shukrani ya Mgonjwa

Edinah alifika kwao Kamukuywa Jumapili asubuhi akitoka Kitale, jogoo mwekundu kwapani. Alizaliwa na sikoseli, ule ugonjwa wa damu unaotesa mifupa, na daktari alishamwambia mama yake kwamba huyu hatafika sekondari. Sasa ana cherehani yake mjini, anashonea watoto wa watu yunifomu za hizo hizo sekondari. Basi akija kumshukuru Mungu kanisani kwao, kuna ubaya gani?

Ubaya ulikuwepo. Kanisa lile lina utaratibu wake: ukiugua unaombewa, ukipona ndipo unaleta kuku wa shukrani, watu wanapiga makofi, kuku anapigwa mnada. Mgonjwa kuleta kuku? Hayo walikuwa hawajayaona.

"Si useme tu umepona," mama yake, Beth, alimnong'oneza kwenye benchi. Miaka yote huyu mama aliwaambia majirani ati ni malaria. "Nani atakupima hapa?"

"Mungu," Edinah alijibu, akainuka.

Mchungaji Wanyonyi alimpokea kwa tabasamu, mpaka alipomsikia akishukuru bila kutaja kupona. "Kwani dada, hujapona?"

"Bado. Dawa nimekunywa leo, na kesho nitakunywa."

Kanisa likaguna. Mchungaji akashusha sauti. "Sema umepona kwa imani, tumpokee huyu jogoo. Ama urudi naye, umlete siku ukipona."

Hasira ilimpanda Edinah na hakuificha. Walimwombea tangu utotoni, na kila alipokosa kupona walisema imani yake ni haba.

"Mchungaji, nikingoja kupona nitazikwa sijasema asante. Wengi wenu hapa mlishanizika kwa midomo. Nimekuwa mtu mzima, nakula jasho langu. Uchungu ukinibana namwita Yesu, na sijawahi kumwita nikabaki peke yangu. Hayo ndiyo nashukuru. Uongo siuleti madhabahuni, hata mkinifukuza."

Nyonga ya kushoto ikaanza kumchoma papo hapo. Shetani naye ana majira yake. Edinah akauma meno, jasho likamtoka. Mzee mmoja wa kanisa akaleta kiti, Edinah akakisukuma kwa mguu mzima.

Ndipo Beth akatoka kwenye benchi. Kila mtu alijua anakuja kumkalisha bintiye chini, amfunike na leso, aombe radhi kwa niaba yake, kama alivyofanya siku zote. Hata Edinah alijua hivyo, na moyo ukamuuma kuliko nyonga.

Beth alimchukua jogoo, akamtia mikononi mwa mchungaji bila kumuuliza. Kisha akamshika binti yake kiunoni, asianguke, akawageukia majirani zake.

"Huyu ni mtoto wangu," alisema. "Ni mgonjwa, ako na sikoseli, na tumekuja kushukuru."