Mawindo ya Jumapili

Mume wangu Firmin alikuwa mchunaji. Si mwindaji, mchunaji: matajiri wa mjini waliwapiga risasi tandala na swala katika shamba moja la wanyama, mwendo wa saa mbili kaskazini mwa Johannesburg, na yeye akawachuna ngozi kabla nyama haijapoa. Matajiri hao Jumatatu mpaka Ijumaa wako ofisini. Sasa wangewinda lini kama si Jumamosi na Jumapili?

Swali hilo nilimuuliza Papa Octave, ancien, yaani mzee kiongozi, wa kanisa letu la Wakongomani pale Hillbrow, siku Firmin alipoenda kwake kuomba ruhusa. Kwetu, anayekosa ibada bila ruhusa jina lake husomwa mbele ya watu kabla ya sadaka. Akishasomwa, miezi mitatu haikaribii madhabahu, anakaa benchi la nyuma kabisa. Wauguzi walipewa ruhusa. Walinzi walipewa. Firmin alinyimwa.

"Mulinzi analinda," Octave alisema. "Weye unamwanga damu siku ya Bwana. Hapana."

Jina la Firmin lilisomwa kila Jumapili kwa miaka miwili, yeye aliyekuwa akiongoza besi katika kwaya. Na alipokufa kwa ugonjwa wa kifua, Octave aliizuia kwaya isije kumwimbia. Mnayajua maziko ya Mkongomani bila kwaya? Tulikuwa watu wanane makaburini, kila mmoja na sauti yake, na binti yangu Jocelyne ameinama kwa aibu. Nikasema moyoni, Octave, malipo ni hapa hapa duniani.

Miaka mitatu ikapita. Nilishona magauni yangu, nikanyamaza, nikachaguliwa kuwa mama mkuu wa kina mama. Mwaka huu Exaucé, mtoto wa Octave, akapata kazi. Kazi gani? Kuwaongoza wawindaji porini, Jumamosi na Jumapili! Na harusi yake ilikuwa imebakiza wiki tatu, na aliyesomwa jina hafungishwi ndoa. Ghafla baba mtu akagundua kwamba sheria ya mawindo ni kali mno. Akaitisha kura ya wazee saba, yeye akiwa msimamizi asiyepiga kura. Watatu walitaka ilegezwe, watatu walikataa kata kata. Wa saba, kwa cheo cha mama mkuu, nilikuwa mimi.

Alikuja chumbani kwangu Alhamisi, akanikuta kwenye cherehani. Nikampa kiti na chai.

"Mama Jocelyne," akaanza, "ata Isaka alipenda nyama ya mawindo."

"Alikula siku gani, Papa?"

Akaweka kikombe chini. "Na ng'ombe akiangukia mu shimo siku ya Sabato, Bwana alisema bamutoe."

"Bamutoe, ndiyo. Hakusema bamupige bunduki."

Eish, nilifurahi! Nilimwacha ahangaike mpaka chai ikapoa. Akanipa hoja zilezile ambazo Firmin alikuwa amempa yeye: mtu ana tumbo, kazi haichagui siku, anayepanga ni mwenye shamba. Alizisema kana kwamba amezitunga mwenyewe. Hapo hasira ilinipanda, maana nilitambua kwamba siku ile alimwelewa vizuri mume wangu. Alimwelewa, na akamnyima.

"Kura nitakupa," nikamwambia. "Lakini Firmin hakuimbiwa. Jumapili hii, saa ine ya asubuyi, enda ku kaburi yake umwimbie nyimbo tatu za maziko. Weye mwenyewe."

"Saa ine? Ile ni saa ya ibada, mama."

"Najua."

"Tuende Jumamosi."

"Jumamosi sitaki."

Akakubali. Hakuniuliza kama tutafuatana. Wala hakuomba ruhusa, na ruhusa ya kukosa ibada kwa ajili ya makaburini huandikwa na mama mkuu wa kina mama, yaani mimi. Kwa miaka kumi na miwili Octave alikuwa mtu wa kuwapa wengine ruhusa, kwa hiyo kujiombea yake hakukumjia akilini. Nami sikumkumbusha. Aliyelala usimwamshe.

Jumapili nilikaa benchi la mbele na kitenge changu kipya. Kiti cha ancien kilikuwa kitupu. Karani wetu, Pitchou, alisoma majina mawili ya waliokosa, akakunja karatasi. Nikasimama.

"Umesahau moja, Papa Pitchou. Octave. Mimi sikumwandikia ruhusa."

"Lakini mama, ule ni ancien..."

"Soma."

Akasoma. Kanisa zima likanong'ona. Exaucé, ambaye kazi yake ilikuwa haijaanza, aliinamisha kichwa, na huyo kijana nilimwonea huruma, kwani hakunikosea kitu. Baada ya ibada wazee walikaa, nami nikainua mkono kama nilivyoahidi. Tangu siku hiyo mawindo ya Jumapili yameruhusiwa kwa wenye kazi.

Siku ya harusi mchungaji aliwaita wazazi wa bwana harusi wapande madhabahuni kumbariki mtoto wao. Mama alipanda peke yake. Octave alikuwa benchi la nyuma, karibu na mlango, ndani ya suti aliyoinunua kwa siku hiyo, akinyoosha shingo amwone mwanawe katikati ya vilemba vya wageni. Niliinuka, nikaenda mlangoni kana kwamba nataka hewa. Nilitaka kumwona usoni. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikuona haya kufurahi.

Alinishika mkono wa gauni. "Niliimba, Mama Jocelyne. Zote tatu. Nililia ata."

"Asante, Papa. Firmin amesikia."

"Nilikungojea kule mpaka saa saba. Weye ulikuwa wapi?"

"Kanisani," nikamjibu. "Ilikuwa siku ya Bwana."

Nikautoa mkono wangu, nikarudi kukaa mbele.