Rangi Zilizochelewa

Warigia alifuma sweta za shule nyumbani kwake Gatongora, Ruiru, kwa zaidi ya miaka ishirini. Macho yalipoanza kufifia, mwanawe Muigai alimletea mashine ya mtumba ya kukuza vitu: kamera inayotazama meza, kisanduku cha umeme, na televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mnene. Uzi ulionekana mnene kama kamba, na rangi yake wazi kabisa.

Januari hii, shule zikikaribia kufunguliwa, picha ilianza kupanda juu bila kusimama. Baadaye rangi nazo zikapotea. Mafundi wawili wakamwambia aitupe. Warigia akampigia Syombua, fundi wa Makongeni kule Thika.

"Usitupe, Mama. Nakuja."

Alifika kesho yake asubuhi, akafungua kisanduku na kumwonyesha chip nyeusi isiyofika urefu wa kidole gumba.

"Kazi yote iko hapa. Kamera inaleta nyekundu, kijani na bluu, kila moja na waya yake. Hii chip inaziunganisha zipite waya moja. Na kila mstari wa picha ukianza, inapokea alama ya kamera na kuipitisha, ndio TV ijue ianzie wapi."

"Mistari ni mingapi?"

"Zaidi ya elfu kumi na tano. Kila sekunde."

Warigia akaweka sindano chini. "Ngai! Na haipotezi hesabu? Mimi mishono mia mbili tu hunishinda."

Syombua akakuta mguu mmoja wa chip, ule unaopokea alama kutoka kwa kamera, umelegea. Akauchomelea upya. Picha ikatulia, lakini uzi bado ulikuwa wa kijivu. Akabadilisha kristali inayopiga mapigo ya rangi. Wapi! Akakagua waya moja baada ya nyingine, hata chai aliyowekewa ikapoa.

Mwishowe akatoa kipimo chake chenye kioo kinachochora mawimbi ya umeme, akakitazama kwa makini.

"Rangi iko, Mama. Inachelewa tu."

"Inachelewa vipi?"

"Baada ya ile alama kuna nafasi ndogo, kabla picha ianze. Hapo chip huweka sampuli ya rangi, TV iifuate. Sasa inaiweka nafasi ikiwa imeshapita. TV haioni sampuli, inadhani picha haina rangi."

"Inachelewa sana?"

"Gawanya sekunde moja mara milioni. Inachelewa vipande viwili, vitatu hivi."

Chip yenyewe ilikuwa nzima. Kilichozeeka ni rezista ya pembeni, inayoipimia muda wa kungoja. Syombua akaweka mpya, akawasha.

Rangi ya damu ya mzee, ile ya sweta za shule, ikajaa kioo cha TV. Warigia aliusogeza uzi huku na huku chini ya kamera.

"Aliyebuni hii kitu alikuwa na kichwa," Syombua akasema.

"Na wewe uliyemwelewa je?"

Warigia akavuta sweta aliyoimaliza wiki iliyopita, rangi zikiwa zimepotea, akaiweka chini ya kamera. Mkono mmoja ulikuwa wa kahawia! Akacheka mpaka akashika mbavu. Syombua naye akacheka, akavuta kiti, akaanza kukunja uzi huku Warigia akiufumua ule mkono.