Cheti cha Gari la Mkunga

Saa moja kasoro asubuhi foleni ya kituo cha ukaguzi wa magari ilikuwa imeshatoka nje ya geti, na mkunga alikuwa wa sita. Gari lake lilikuwa na miaka arobaini na minne, mitatu tu pungufu ya miaka yake mwenyewe. Aliachiwa na marehemu mumewe: taa za mviringo, kiti kimoja kirefu mbele, mlango wa nyuma usiofunguka kwa ndani. Kwa gari hilo alifika mitaa ya juu kilimani, ambako gari la wagonjwa la zahanati halikuwa limekanyaga tangu injini yake ilipokufa. Stika ya ukaguzi kwenye kioo cha mbele ilikuwa inaisha siku hiyo hiyo.

Kando yake alikaa shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi magari. Yeye ndiye aliyelitunza gari hilo kwa miaka kumi na moja, na leo alivaa shati lililopigwa pasi kama mzazi aliyeitwa shuleni.

"Usiwe na wasiwasi, shemeji," alisema. "Hili ni chuma. Haya mengine ni makopo."

"Sina wasiwasi na chuma. Nina zamu saa sita."

Waliitwa saa nne. Dada wa mashine, mwenye ovaroli ya buluu iliyomzidi mikono, aliwaelekeza wapandishe magurudumu ya mbele juu ya roli za chuma zinazozunguka, za kupimia breki. Mkunga akakanyaga. Skrini ikawaka nyekundu.

"Kushoto haishiki," dada akasema.

Shemeji akashuka. "Dada yangu, breki hiyo nimeifungua na kuifunga juzi. Na lile gari lililotutangulia, jipya kabisa, nalo umeliambia kushoto haishiki."

Dada alitazama foleni, akashusha sauti. "Inasumbua, fundi. Tumeandika barua tangu mwaka juzi waje kuirekebisha. Hebu nirudie."

Akarudia. Gari lile lile, mguu ule ule, dakika tatu baadaye. Skrini ikawa kijani.

"Sasa ya kweli ni ipi?" mkunga aliuliza.

"Inayoingia kwenye kompyuta ni ya mwisho, mama. Umepita."

Karani wa dirishani alikuwa ameshachapa cheti, mkunga ameshanyoosha mkono kukipokea, ndipo alipotokea mkaguzi wa shimoni, mzee mwembamba ambaye kituo kizima kilimwita Tochi kwa sababu ya ile iliyoning'inia shingoni mwake.

"Hili sijaliona chini," alisema.

"Limepita, mzee," karani akamjibu. "Meneja anataka magari sitini leo. Usitulaze hapa."

"Mashine imepima breki. Chini amepima nani?"

Hakungoja jibu. Alimwomba mkunga alisogeze gari juu ya shimo, akateremka ngazi. Mkunga alisikia nyundo ndogo ikigonga vyuma kimoja kimoja, kisha kimya.

"Fundi, shuka huku."

Shemeji alishuka na shati lake la pasi. Tochi alikuwa amekwangua grisi kwenye kiungo kinachounganisha usukani na gurudumu la mbele la kulia. Chini ya grisi palikuwa na ufa uliojaa kutu nyeusi, kutu ya siku nyingi. Mzee akalitikisa gurudumu kwa mkono mmoja. Ufa ukaachama, ukafumba.

"Miaka miwili," alisema. "Labda mitatu."

"Grisi hiyo naipaka mimi," shemeji alisema polepole. "Kila mwezi."

Alipopanda juu alishindwa kumtazama mkunga, akamweleza huku akifuta vidole ambavyo vilishakuwa safi. Mkunga akakaa kwenye ukingo wa saruji. Jana yake tu alikuwa ameteremka kilima mbio, nyuma kuna binti anayejifungua, mama yake kamkumbatia, na usukani ulikuwa unavuta kidogo kulia. Alidhani ni barabara.

Aliinuka, akaushika mkono wa Tochi kwa mikono yake miwili, grisi na yote.

"Asante, mzee wangu. Jana tulikuwa watu wanne humu, mmoja bado hajazaliwa. Asante sana."

Mzee aliona haya, akaizima tochi yake.

"Na wewe inua uso," mkunga alimwambia shemeji yake. "Wewe huna shimo wala taa. Unalala chini ya magari barabarani, juu ya boksi. Hawa wana vyote, na wametupa vyeti vitatu, kila mwaka kimoja, juu ya ufa huo huo."

Karani aligonga kioo. "Mama, chukua cheti chako, gari ukalitengenezee nyumbani. Ukikikataa utaomba tarehe upya, usubiri mwezi mzima."

"Andika limeshindwa."

"Siwezi. Likishaingia kijani, mfumo haurudi nyuma."

Tochi akakichukua cheti, akakigeuza, akaandika kwa kalamu yake: *Kiungo cha usukani kimepasuka. Lisiendeshwe.* Akatia sahihi na tarehe. Wino haujakauka, mlango wa meneja ukafunguliwa na sauti ikamwita ofisini. Akafuta mikono taratibu, akaenda. Gari lililofuata lilikuwa tayari linapita juu ya shimo, na shimoni hamkuwa na mtu.

Mkunga alimpigia mwenzake wa zahanati amshikie zamu. Shemeji alisema kiungo kipya hakiuzwi tena popote, itabidi akakitafute kwenye magari yaliyokufa. Hata mwezi atautumia, lakini atakipata. "Nitapanda kilima kwa miguu," mkunga akasema. "Miguu ninayo, namshukuru Mungu."

Wakalisukuma, shemeji mkono mmoja dirishani kwenye usukani, mpaka getini. Mlinzi alikipokea cheti, akakisoma.

"Limefaulu. Mbona mnasukuma?"

"Geuza," mkunga alisema.

Mlinzi aligeuza, akasoma polepole, midomo ikitembea. Akaitazama foleni iliyopinda hadi barabara kuu, magari na familia ndani yake. Akamrudishia mkunga cheti, akaegesha rungu ukutani, akaja nyuma ya gari na kuweka bega lake kando ya bega la mkunga.