Jaji wa Usukani na Miwani ya Dukani

Mzee huyu aliendesha gari la hakimu mpaka akastaafu, na kwa imani yake, sheria yote ilimwingia kupitia kisogoni, ikitokea kiti cha nyuma. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Jaji wa Usukani. Yeye alidhani wanamsifu.

Siku hiyo alikwenda supamaketi na mkewe kutafuta miwani ya kusomea. Akavaa moja, na ili kuipima nguvu akasoma tangazo la ukutani: "Mwizi atakabidhiwa polisi."

"Huruma tupu!" akafoka. "Miezi sita papo hapo, na visingizio visisikilizwe. Wote husema, 'Nilisahau.'"

"Baba watoto, punguza sauti. Hujaajiriwa hapa."

Wakalipia sabuni na chumvi, wakaelekea mlangoni. Mbele yao alikuwa mama mmoja, fundi cherehani, na mfuko wake. Mara king'ora cha mlango kikalia kama mbuzi aliyeona kisu. Mzee wetu, ambaye kwa kawaida huinuka kitini kwa awamu, akaruka kama panzi na kuziba njia.

"Mwizi huyu! Miezi sita! Msimsikilize!"

Watu wakajaa. Fundi akamwaga mfuko wake: nyuzi, zipu na risiti. Mlinzi akapitisha kimashine chake juu ya vitu vile; kimya. Akakigeuzia kwa mzee, kikapiga kelele. Kibandiko cha bei kilikuwa kikining'inia kando ya pua.

"Mzee, na hiyo miwani?"

Jaji akapapasa pua, akaikuta miwani. Akajiona ndani ya gari la polisi, tena nyuma, mahali ambapo maishani mwake hajawahi kupanda.

"Ni... nilisahau."

Duka zima likaangua kicheko, isipokuwa meneja aliyekwisha kutoa simu. "Hapa hatuchagui mzee wala kijana. Naita polisi."

"Mwanangu, sheria hutazama nia!" mzee akalia. "Mtu aulizwe kwanza!"

"Sheria hiyo imezaliwa lini?" mkewe akauliza. "Kule kwenye rafu haikuwapo."

Fundi akainua mkono. "Meneja, weka simu. Miwani yako hii hapa. Aliyeumia ni mimi. Akilala jela mimi nitapata nini? Amenipaka matope kwa sauti iliyofika mpaka buchani. Anisafishe kwa sauti ile ile, alipie miwani, aende zake."

Meneja akamtazama mzee, akamtazama fundi, akairudisha simu mfukoni.

Mzee akakohoa. Ile sauti ya radi ikatoka kama ya kifaranga aliyenyeshewa: "Binti yangu, nisamehe. Wewe si mwizi."

"Huku hatusikii!" akapaza sauti mwuza nyama kutoka mwisho wa duka.

Mkewe akamvua miwani taratibu, akampangusa jasho puani.

"Vuta pumzi, baba watoto. Ulipomwita mwenzako mwizi, hukunong'ona."