Sindano ya Mtoto wa Kaka Yangu

Profesa wetu alikuwa mtu wa tabasamu, na mimi watu wanaotabasamu muda wote nawaogopa. Mtoto wa kaka yangu alikuwa mwanafunzi wake. Mimi ni fundi wa pampu za kunyonya hewa kwenye maabara ya Profesa huyo. Siku ya kisa hiki binti huyo alikuwa anatahiniwa. Akifeli, shahada imekwenda na maji.

Alikuwa na sindano moja ya chuma cha tungsteni, kaichonga mwenyewe mpaka ncha haionekani kwa macho, imefungwa ndani ya chombo kilichonyonywa hewa yote. Leza inaipiga ile ncha kwa vipigo vifupi mno: mwanga unafika na kuondoka kabla chuma hakijapata moto, lakini elektroni zimeshang'oka na kuruka nje. Mashine inazihesabu. Na sharti la maabara yetu halina huruma: watahini lazima waone kipimo mara mbili, kwa sindano ile ile.

Mara ya kwanza kilitoka sawasawa. Watahini wakatazamana, wameridhika. Roho yangu ikatulia.

"Ongeza nguvu, mwanangu," Profesa akasema. "Wageni wamekuja kuona fataki, si kibiriti."

"Ncha itayeyuka, Profesa."

"Yaani leo unanifundisha leza?" Akacheka, akanyoosha mkono, akazungusha swichi mwenyewe.

Namba zikapanda mpaka watahini wakasimama. Kisha zikaporomoka hadi sifuri. Nikajua ncha imeshakuwa kinundu.

"Haya, tuoneshe mara ya pili," Profesa akasema.

Binti akajaribu. Sifuri. Akajaribu tena. Sifuri.

"Lakini sindano imeharibika, Profesa..."

"Mchagua jembe si mkulima, mwanangu."

"Si ni wewe uliyezungusha swichi!" nikafoka.

"Mama wa pampu, nenda kwenye pampu zako."

Watahini wakatazama viatu vyao, wakamfelisha. Nilimchukia yule mzee mpaka mate yakawa machungu.

"Ile namba kubwa nihifadhie," akaniambia. "Nitaionesha mkutanoni." Kisha akamgeukia binti, sauti laini kabisa. "Na wewe Jumatatu upite. Kuna mwenzako anachukua nafasi yako, umfundishe kuchonga sindano. Hakuna mwenye mkono kama wako."

Nilimsihi asiende. "Shangazi, yule mwenzangu kakosa nini?" akanijibu.

Jumatatu akaja, macho yamevimba, akavaa glavu, akamfundisha mwenzake. Tena alimfundisha vizuri, mjinga wangu yule.