Makala Elfu Kumi na Nane

Daktari Waithaka, msimamizi wa Cheptanui katika shahada ya uzamili, aliiua mada ya mwanafunzi wake kwa nusu dakika. Aliandika "mbegu za viazi" kwa Kiingereza kwenye kompyuta, akapewa makala elfu kumi na nane, akaegemea kiti.

"Hii imefanywa. Elfu kumi na nane, Cheptanui. Wewe utaongeza nini? Kuja kwa project yangu ya mbolea."

Kule Molo wanawake hupeana mbegu za viazi boma kwa boma, na Cheptanui alitaka kujua kama ugonjwa wa mnyauko husafiri kwa njia hiyo. Mama yake alikuwa amepoteza shamba zima baada ya kupanda mbegu za jirani anayempenda. Msichana huyu hakuwa na haja na mbolea ya mtu. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Kamati ya kupitisha mada ingekaa baada ya wiki tatu. Ikiikataa mada, angetupwa kwenye mbolea atake asitake.

Akaenda maktaba kutafuta mwenyewe. Aliandika swali lake zima kama anayemwandikia shangazi barua, akapata sufuri. Basi mmoja kapata kila kitu, mwingine hakupata chochote, na wote wawili hawajui kutafuta. Nakhumicha, mkutubi wa chuo, alimwambia hivyo hivyo, kwani si mtu wa kumpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Hii kitu si mtu unapigia story, mami," alisema. "Vunja swali vipande tatu. Mbegu, ugonjwa, majirani. Kila moja na majina yake yote, hata ya zamani. Majina ya kitu moja unaunga na OR, ndio ikubali yoyote. Halafu hizo vikundi tatu unaunga na AND, ndio zote zipatikane pamoja. Na uandike kila kitu umetafuta, na tarehe. Siku watakuuliza, unatoa daftari."

Cheptanui akaandika. Hifadhidata nne, wiki tatu. Bakteria wa mnyauko amebadilishwa jina la kisayansi zaidi ya mara moja, kwa hiyo alimwinda kwa majina yake yote. Alibakiwa na makala mia mbili na kumi na nne. Akasoma mihtasari, yakabaki tisa, na hayo akayasoma neno kwa neno. Utafiti mmoja, wa nchi jirani, ulimtia jasho kwa jinsi ulivyokaribia wake. Angeweza kuuficha. Aliuweka juu kabisa ya rundo.

Siku ya kamati, Daktari Waithaka aliurukia huo huo.

"Si niliwaambia? Huu hapa. Umefanywa."

"Walihoji wafanyabiashara wa soko, Daktari," Cheptanui alisema. "Majirani hawakuulizwa."

"Ni kitu kimoja."

Cheptanui alimfungulia makala mwishoni. "Basi naomba Daktari atusomee ukurasa wa mwisho. Nimepiga mstari."

Mwenyekiti, Profesa Jerop, aliweka kalamu chini na kungoja. Daktari Waithaka alivaa miwani, akasoma haraka kama anayemeza dawa chungu: ubadilishanaji wa mbegu kati ya majirani haujachunguzwa, na waandishi wanaomba mwingine auchunguze.

"Sijasikia vizuri," alisema Profesa Jerop. "Rudia."

Akarudia, safari hii polepole. Kisha Profesa Jerop akalifungua daftari la Cheptanui, akapitia kila utafutaji na tarehe yake, akatoa uamuzi: mada imepita. Alimtazama msichana kwa huruma kidogo.

"Ukitaka msimamizi mwingine, sema sasa. Hakuna mtu atakulaumu."

Cheptanui alimgeukia Daktari Waithaka, ambaye alikuwa bado ameshika ukurasa.

"Hapana, Prof," alisema. "Abaki. Nataka asome kila sura."